Salongo Iliyong'oa Maua ya Shaba

Waling'oa utafiti wangu huku wakiimba.

Sisemi mafumbo. Jumamosi asubuhi nilifika kazini nikakuta wenzangu wote, makarani kwa mafundi, wameinama kwenye shamba langu la majaribio na majembe, wanang'oa kila kilichoota, nyimbo za chama zimepamba moto.

Hiyo ilikuwa Lubumbashi, miaka ya Zaire. Salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, ilikuwa lazima. Ukikosa, umejitafutia balaa.

Mimi naitwa Rabia, binti wa fundi cherehani wa asili ya Maniema. Nilisomea mimea kule chuo kikuu, Kasapa, nikapata kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti kando ya machimbo ya shaba. Kilishafungwa zamani, msikitafute.

Nyuma ya kituo palikuwa na ardhi iliyojaa shaba kiasi kwamba majani ya kawaida yalikataa kuota. Lakini kuna mmea mmoja mdogo, wa maua ya buluu, ambao hupenda palepale mingine inapofia. Nilikusanya mbegu zake kwenye vilima mbalimbali, nikapanda kila kilima fungu lake, nikachomeka kijiti cha alama. Kisha nikawa naangalia. Upi unaishi, upi unakufa, mizizi inaelekea wapi.

Ili iweje? Sikujua. Nilitaka kuelewa unawezaje kuishi juu ya sumu. Basi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mkurugenzi ulipoanzia.

Zamani aliitwa Gérard, kabla majina ya kizungu hayajapigwa marufuku. Sasa alikuwa Citoyen, yaani Raia, Nkandu: abacost nyeusi, ile suti isiyo na tai, iliyonyooka kwa pasi, na swali moja tu maishani.

"Citoyenne Rabia, iyi majani iko na kazi gani?"

"Sijue bado, Citoyen Directeur."

"Itaongeza shaba?"

"Sijue."

"Batu banaikula?"

"Apana."

"Basi iko recherche ya nini, utafiti ya nini? Recherche yenye haina mwisho, ile iko buvivu yenye diplôme!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Msemo ukaota miguu, mpaka dereva akawa ananisalimu, "Jambo, Mama Diplôme."

Nilimchukia yule mtu. Sifichi.

Jumamosi ile ya salongo alitangaza kwamba shamba langu linakuwa bustani ya kabichi, kwa sababu wageni wa chama wanakuja kuona jinsi tunavyojilisha.

"Kabichi itakufa kwa ile udongo," nikamwambia.

"Majani yako iliota, kabichi njo itashindwa?"

Ndiyo elimu yake hiyo!

Aliyesimamia kung'oa alikuwa Mwape, mhamasishaji wa chama pale kazini, mtu asiyejua kufanya kitu nusu. Nkandu akampa amri mbele yetu sote.

"Mwape, kuanzia leo, kila salongo, popote utaona majani yenye haina kazi, ngoa. Usiniulize tena."

"Oui, Citoyen Directeur!"

Vijiti vyangu vikang'olewa pia. Mafungu yote yakachanganywa kwenye lori na kwenda kumwagwa juu ya lundo la mchanga wa machimbo, karibu na kambi ya wafanyakazi. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Lundo lile nilikuwa nalijua vizuri. Mdogo wangu Mwajuma aliishi chini yake. Kila kiangazi vumbi lake lilishuka kambini, likaingia kwenye sufuria, kwenye mashuka, kwenye kifua cha mwanawe Amisi. Mtoto alikohoa mpaka anatapika. Walijaribu kupanda kila aina ya miti pale juu. Yote ilikauka.

Kabichi nazo, kama nilivyosema, zilikufa. Wageni walipokaribia kufika, Nkandu alituma watu sokoni wakanunua zilizokomaa, wakazichomeka ardhini. Saa sita mchana zilikuwa zimelala chali kama walevi. Wageni walipiga makofi.

Mwaka ukapita. Upepo wa kiangazi ulipoanza, Mwajuma akanijia mbio.

"Yaya Rabia, dada, kuya uone! Vumbi haiko. Amisi analala bila kukohoa."

Nikaenda. Upande wote wa lundo unaotazama kambi ulikuwa na maua ya buluu! Mbegu zilizotupwa na lori zilikuwa zimeota, na mizizi imeushika mchanga. Yote ilifanana kama mapacha, kwa hiyo mmea wa kilima kimoja tu ndio ulioweza. Kilima kipi? Vijiti havikuwepo tena. Nilishika mbegu mpya mkononi, bado zilikuwa mbichi. Nikasema niziache zikomae kwanza.

Habari ikamfikia Nkandu. Mara moja akawa baba wa maua.

"Ile njo projet yangu ya siku mingi," akawa anawaambia watu, nami nimesimama palepale!

Akaalika wakubwa waje waone lundo lisilotoa vumbi. Akachagua Jumamosi, ili umati uwe mkubwa. Mimi nikaambiwa nikae nyuma; Mwape akaambiwa tu wageni wanakuja lundoni.

Magari yakafika. Wakubwa wakashuka.

Lundo lilikuwa na kipara.

Juu kabisa alisimama Mwape, jembe begani, jasho linamtiririka, anatabasamu. Kando yake moshi ulikuwa bado unafuka. Alikuwa ameyamwagia maua mazout, mafuta ya dizeli, akayachoma, mbegu na mizizi.

"Citoyen Directeur, tulianza mapema! Tumengoa yote!"

"Nani alikuambia ungoe?"

"Ni weye njo uliniambia. Majani yenye haina kazi, popote. Ulisema nisikuulize tena."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Upepo ukaja, na abacost zote zikawa rangi moja, ya vumbi.

Ningependa kusema nilicheka. Lakini Mwajuma alikuwa kando yangu, amemfunika Amisi uso kwa kitenge, na mtoto alishaanza kukohoa.

Jumatatu Nkandu aliniita, akafunga mlango.

"Rabia, rudisha ile maua."

"Ilitoka kilima gani? Bijiti uliingoa."

"Itachukua wakati gani?"

"Sijue."

"Na kama haioti?"

"Sijue."

Akasema kwa sauti ndogo, "Anza tu."

Nikaanza upya, kilima baada ya kilima. Mmea ule niliupata, lakini Amisi alikuwa ameshaota ndevu. Mpaka leo kiangazi kikiingia, kifua chake kinapiga filimbi.

Kwa hiyo wewe bosi, wewe mkuu wa kitivo, wewe mwenye mihuri: ukiona mtu ameinama juu ya jani usilojua kazi yake, usimwulize linafaa nini. Mwulize ameona nini.

Na jembe lako liweke chini kwanza.