Radi Ikipiga, Wanamtazama Mama Yangu Mdomoni

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina usiiweke. Kijijini kwetu nako page hii inasomwa, na haya ninayoyaandika yana watu wazima ndani yake.

Mimi ni mama wa miaka 38, mtumishi wa serikali, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu na watoto. Kwetu ni Kondoa, upande wa Busi. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama anaishi kijijini na kaka yangu mkubwa, wifi na wajukuu. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia maneno.

Mama aliishiwa meno ya chini mapema sana. Nilimnunulia yale ya bandia ya kuvaa na kuvua, ikawa mateso. Yalicheza mdomoni, yalimchubua fizi, akipiga chafya anayadaka kwa mkono. Akaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Chakula chake kikawa uji na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, na akicheka anajiziba na mtandio. Mama yangu huyu ambaye zamani vigelegele vyake vilijulikana kijiji kizima! Iliniuma sana.

Nikamleta mjini. Daktari wa meno akampandikizia skrubu mbili za chuma ndani ya mfupa wa taya, akasubiri mpaka mfupa uzishike, kisha akamtengenezea meno yanayobanwa juu yake kama vifungo vya kubonyeza vya gauni. Unayabandua kuyasafisha, unayarudisha, yanakaa. Siku ya kwanza mama alitafuna nyama ya mbuzi huku analia. Alirudi Busi mtu mwingine, amenenepa, anaongea, anatania kila anayepita. Nilijiona mtoto wa maana.

Sasa mama ana utani uliopitiliza. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu, nitamwita Mama Zuhura, wanawake walimzunguka wakimuuliza meno mapya kayatoa wapi. Akayabandua palepale, akawaonyesha vile vichwa vya chuma vinavyong'aa kwenye fizi. "Tazameni, mimi sasa ni mashine! Hivi havitoki, nitazikwa navyo." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Waliotoka kwetu wananielewa. Radi ikianza kunguruma, kioo kinafunikwa kanga, simu inazimwa, sufuria na jembe lililosahaulika uani vinaingizwa haraka. Chuma hakiachwi wazi. Masika yaliyopita radi ilipiga zizi la Mama Zuhura, ikaua mbuzi. Watu wakasikitika, wakanyamaza. Mvua za mwaka huu zilipoanza ikapiga tena, safari hii jiko lake, na binti yake Zuhura akatolewa humo hajitambui. Alipona, lakini sikio moja halisikii mpaka leo. Nyumba ya mama iko jirani kabisa, na haikuguswa hata bati.

Hapo ndipo yale maneno ya harusini yalipokumbukwa. Wakasema mtu mwenye chuma kichwani, kisichotoka, radi inapita juu yake inaangukia wenzake. Wengine wakaongeza kwamba hakuvipata kwa daktari. Kisimani wakimwona wanachukua ndoo zao wanaondoka. Shikamoo za watoto zimekatika. Asubuhi moja wifi alikuta majivu yamemwagwa mlangoni kwa mama, na hakuna aliyesema ameona mtu.

Nilimpigia daktari. Akanihakikishia kwamba radi haifuati skrubu za mdomoni, na akanionya vikali kwamba mfupa umeshazishika, mtu akizivuta kwa nguvu anaweza kuvunja taya. Kuzitoa ni upasuaji wa hospitali. Nikamwambia kaka, nikidhani nimemaliza.

Kaka akanijibu, "Mdogo wangu, wewe uko mjini. Mimi ndiye ninayeishi na hawa watu. Wamekuja wanaume hapa, wameniambia ikipiga mara ya tatu hawatakuja kuongea."

"Basi nimlete Dodoma."

"Ukimchukua watasema amekimbia, na sisi tutabaki hapa na wanangu. Ukimpeleka hospitali watasema amerudi navyo, nani atamfungua mdomo aangalie? Wanataka vitoke mbele yao."

Wameshampata mtu wa kijiji cha pili, anang'oa meno kwa koleo. Atakuja Ijumaa hii baada ya swala. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka mume wangu akatoka chumbani. Nikamwambia kaka nitakwenda polisi. Akasema, "Nenda. Polisi wataondoka jioni. Sisi tutabaki."

Nikaomba kuongea na mama, nikijua yeye atagoma. Mama yangu hajawahi kuburuzwa na mtu. Alipopokea sauti ilikuwa ndogo, maneno yanateleza, nikajua hajavaa meno.

"Mama, shikamoo. Kataa. Wewe kataa tu, mimi nakuja kukuchukua."

"Marahaba mwanangu. Juzi ilinguruma, nikatoka nikaenda kukaa shambani peke yangu mpaka ikaisha. Nililoa chapachapa."

"Ulifuata nini shambani, mama?"

"Wajukuu walikuwa ndani."

Kumbe mama mwenyewe ameshaamini! Nikaanza kumweleza maneno ya daktari, taya, upasuaji, akanikatiza kwa upole kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Usigombane na kaka yako. Wewe njoo tu Ijumaa unishike kichwa. Sitaki kushikwa na wale wanaume."

Leo ni Jumatano. Kondoa kumeshafunga mawingu, wifi ameniambia. Nikimchukua kwa nguvu, radi ikipiga watawageukia kaka na watoto. Nikikubali kumshika, watamvunja taya akiwa mikononi mwangu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mna mama kama mimi. Niambieni, Ijumaa naenda Busi kufanya nini?