Amewekewa Gesi

Ngege ndiye aliyenichoma. Samaki niliyempaa magamba tangu nikiwa msichana, pale ufuoni Luanda Kotieno, akanidunga mwiba wa mgongoni kwenye kiganja, nami nikacheka tu. Baada ya siku chache mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, ngozi imekuwa nyeusi, unanuka. Nikapelekwa Kisumu.

Daktari alinikata nyama iliyooza, akaagiza nichomwe sindano za dawa, kisha akaleta ule mtungi mrefu wa oksijeni. Akasema, "Mama, kisu na dawa ndivyo vinavyotibu. Hii hewa ni nyongeza, maana nyama ya mkono haipati hewa ya kutosha. Tukishindwa, tutaukata."

Kuukata! Mkono wa kulia wa muuza samaki!

Sasa, miaka hiyo ya themanini, kwetu mtu akiambiwa "amewekewa gesi" haulizi zaidi. Anaanza kutafuta gari la kubeba maiti. Mama mkwe alipoingia wodini na kuuona ule mtungi, alipiga nduru hadi wagonjwa wengine wakaketi vitandani. Akaja mbio kunivua usoni kile kifuniko cha kuvutia hewa.

"Nyathina, mtoto wangu, usife na plastiki mdomoni! Twende ukafie nyumbani."

Wee! Nilimdaka kwa mkono mzima. "Mama, mimi sifi! Toka hapo, unanimalizia hewa!"

Alitoka akilia. Mimi nikaivuta ile hewa kwa hasira, mchana na usiku, na kila waliponirudisha kukatwa nyama mbovu nilirudi kitandani nikaivuta tena. Siku daktari alipofungua bandeji akakuta nyama nyekundu inayotoa damu, alicheka peke yake kama mtoto. Nami nikacheka.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe hakuweza kuniangalia usoni. Alikuwa ameshanishonea gauni la kuzikiwa, jeupe, mikono mirefu hadi vidoleni, ili kuficha uozo. Alitaka kulichoma moto.

"Kitambaa kizuri hivi?" nikamwambia. "Mama, lete hapa."

Jumapili nililivaa kwenda kanisani. Mkono wa kulia nilikuwa nimeukata mwenyewe, ule wa gauni, hadi begani, watu walione kovu lote. Niliringa, acha tu! Mama mkwe aliketi kando yangu, akanishika pale pale penye kovu, na hakuniachilia mpaka ibada ikaisha.