Boti Iliyosubiri Maombi

Calist alikuwa mbishi. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto huyu ukimwambia kumekucha atatoka nje kuhakikisha. Miaka yote aliyovua Ziwa Kitangiri alivua kwa mtumbwi wa kuchonga, kandokando ya matete, akapata perege wa kula na wachache wa kuuza, basi. Mwaka huu akapata boti. Boti ya mbao, jamani, tena ya injini!

Haikuwa yake peke yake. Mdogo wake Enock, mkulima wa alizeti upande wa Kiomboi, aliuza ng'ombe wake wawili wa kulimia ili injini ipatikane. Enock hakujua kuogelea, wala maji hakuyapenda, lakini alimwamini kaka yake kupita kiasi.

Sasa, pale ziwani boti mpya haiingii kazini hivi hivi. Unaizamisha kwanza kwenye maji mafupi, unaijaza mawe, unaiacha humo siku mbili tatu mpaka mbao zinywe maji, zivimbe, zibanane. Kila mvuvi analijua hilo, na Calist alilijua vizuri kuliko wengi. Ila alikwisha mwahidi mchungaji kwamba boti itaombewa Jumamosi, na malimbuko ya samaki yatafika kanisani Jumapili. Angeionyeshaje mbele ya waumini imejaa tope, rangi yake ya bluu imechubuka? Akaiacha nchi kavu, juani, akawa anaifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa.

"Hiyo ni boti au kabati la bibi harusi?" mvuvi mwenzake, Raymond, alimtania. Kisha akaacha mzaha. "Iloweke bwana, Calist. Maombi yatasubiri."

"Una kijicho wewe," Calist akamjibu. "Fundi ameziba kila upenyo kwa pamba na lami. Niache."

Jumamosi watu wakaimba, mchungaji akaomba, Severina mke wa Enock akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Injini ikanguruma, ndugu wawili wakaondoka. Wakaenda mbali, mpaka nyumba za ufukweni zikapotea machoni. Calist alikuwa anacheka mwenyewe kwa raha. Tangu azaliwe hakuwahi kufika huko. Akapunguza mwendo, wakaanza kukunjua nyavu.

"Kaka, mbona miguu yangu inalowa?"

"Boti mpya lazima itoe jasho kidogo. Chota."

Enock akachota. Akachota tena, haraka zaidi, na maji hayakupungua. Yalikuwa yanaingia kila mbao ilipokutana na mwenzake, na ile pamba ya fundi, iliyolegezwa na mtetemo wa injini, ilikuwa inaelea vipande vipande miguuni mwao. Calist akageuza boti kurudi. Upepo ulikuwa unawapiga usoni. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na uzito wake ukaanza kuvuta nyuma ya boti chini.

"Kaka, tuifungue tuitupe! Inatuzamisha hii!"

Spana ilikuwa hapo hapo. Angeweza. Lakini alipoitazama ile injini aliona wale ng'ombe wawili, akamwona Enock akilima kwa jembe la mkono mpaka uzeeni kwa sababu yake yeye, na roho ikamuuma.

"Hatutupi ng'ombe wako," akasema. "Chota tu, tutafika."

Wapi! Maji yakapita juu ya ukingo, boti ikalala ubavu, nyavu zikamzoa Enock. Calist akapiga mbizi, akaushika mguu wake, akavuta, wavu ukazidi kubana. Akaibuka kuvuta pumzi. Aliporudi chini hakushika kitu.

Raymond, ambaye moyo wake haukutulia tangu walipoondoka, aliwafuata kwa mtumbwi, akamkuta amekumbatia dumu la petroli, analia kwa sauti kama mtoto. Akamvuta ndani ya mtumbwi, akapiga kasia kurudi.

Jumapili walitafuta, hawakumwona. Jumatatu vilevile. Ile boti waliikuta ikielea imejaa maji, wakaivuta mpaka ufukweni kwa kamba, wakamwaga maji, wakaing'oa injini. Severina alikuwa ameketi mchangani, kanga kichwani, hali wala hanywi.

"Shemeji," alimwambia Calist bila kumtazama, "upepo huu mitumbwi haiuwezi. Chukueni hiyo boti mkamtafute mume wangu."

Calist alitaka kukataa. Angekataaje? Wakapanda wanaume wanne na makasia, na siku hiyo hiyo wakampata Enock, kwenye matete ya upande wa pili, nyavu bado zimemzunguka. Wakamlaza chini kwenye boti. Calist akavua shati akamfunika uso, akapiga magoti kichwani kwake.

Raymond alikuwa amechukua ndoo mbili za kuchotea. Hakuna aliyezigusa. Kwa siku mbili majini mbao zilikuwa zimekwisha vimba, zimebanana barabara. Njia nzima mpaka ufukweni halikuingia hata tone. Maji yaliyokuwemo yalikuwa yale yaliyochuruzika kutoka kwenye nguo za Enock.