Mama wa Mugango na Sura ya Mwisho

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ile ya foleni za sukari, vita vya Uganda vimekwisha lakini si wote walioenda walikuwa wamerudi. Nilidandia lori la pamba kutoka Guta, nikashuka Musoma nimejaa vumbi na majivuno. Vumbi nililikung'uta.

Nilikuwa nakwenda kwenye kikao cha vitabu. Mwalimu mmoja wa hisabati kutoka Japani, binti mpole tuliyemwita Dada Keiko, alipomaliza mkataba wake alituachia sanduku la vitabu vya kwao vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Mzee Magesa wa Butiama, mtunza maktaba mstaafu, ndiye aliyeshika ufunguo. Tangu siku zile sijaona tena kikao kizuri kama kile. Walikuja walimu, manesi, mafundi cherehani, hata wavuvi wasiojua kusoma. Sabuni ilikuwa haipatikani, lakini hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kunawa kwa majivu. Siku ya kutuaga, Dada Keiko alipotuonyesha kwamba kwao kitabu hupokewa kwa mikono miwili, wazee walicheka kwa furaha: "Kumbe hawa ni watu wetu!" Maana hata kwetu mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja.

Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa na nakala moja tu na sisi wengi, kila mwezi mtu mmoja alikwenda nacho nyumbani, akasoma sura moja, kisha akaja kuisimulia kwa Kiswahili. Mwezi ule zamu ilikuwa yangu, na sura ilikuwa ya mwisho. Hadithi ilimhusu mama mmoja wa kijiji cha wavuvi huko Japani, ambaye mwanawe alikwenda vitani na barua zikakatika.

Sikuisoma. Kiingereza chake kilinishinda, nikaona aibu kuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikajiambia, kwani Wajapani sijawaona kwenye sinema? Si mapanga na mateke?

Basi nikasimama mbele ya watu nikarukaruka. Nikasema yule mwana alipambana peke yake na maadui ishirini, akaanguka na upanga mkononi. Makofi yakalia. Fundi cherehani mmoja akapaza sauti, "We kijana wa Guta, utatuvunjia viti!"

Kicheko kilipotulia, mama aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. Aliitwa Mama Nyamisi, mwanika dagaa wa Mugango. Mwanawe naye alikwenda vitani, na hakuna aliyeleta habari zake, nzuri wala mbaya. Kila mwezi alianza safari siku moja kabla, ili awahi sura moja tu.

"Baba, kitabu kinasema hivyo? Amekufa kweli?"

"Amekufa, mama. Kishujaa."

"Na mama yake aliambiwa na nani?"

"Aliambiwa tu."

Akajifunga khanga yake vizuri. "Haya. Mimi nilikuwaga namwombea wangu arudi. Kumbe nilitakiwa kumwombea apumzike." Akatoka.

Mzee Magesa alisubiri watu watawanyike. "Kitabu hiki nimekisoma mara mbili," akaniambia. "Nilinyamaza nisikuaibishe mbele za watu, na hapo nimekosa mimi. Lakini wewe umemzika mtoto wa mtu, na hata kaburi hujui liko wapi. Kaa chini. Fungua."

Tulisoma neno kwa neno, akinifafanulia, mpaka nikaelewa. Kesho yake, baada ya misa, tukaenda Mugango.

Tulimkuta akigeuza dagaa juu ya mwamba. Nikapiga goti. "Mama, nilidanganya. Sikukisoma."

Akaacha kugeuza dagaa. "Kumbe na nyie mliosoma mnakuwaga waongo!" Majirani wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ziwa linimeze. "Haya, soma."

Nikasoma, nikimgeuzia kwa Kiswahili. Kitabu hakikusema mwana alikufa, wala hakikusema alirudi. Kiliishia asubuhi moja yenye jua: mama anatoa koti la mwanawe, analianika uani, jioni analikunja na kulirudisha mahali pake. Basi. Niliogopa angeudhika kwa hadithi isiyo na mwisho.

Mama Nyamisi aliinamia kitabu, magamba ya dagaa yakimeremeta mikononi mwake. Kisha akasema, "Huyu aliyeandika anajua." Akasogea karibu. "Rudia hapo kwenye koti."

Nilirudia mara tatu.

Mwanangu, nasikia umealikwa Bunda kusimulia kitabu cha Wajapani mbele ya vijana wenzako. Nenda, tena nenda kwa furaha, maana ni jambo jema watu wa ziwa hili kutaka kujua watu wa bahari ile wanaishije. Lakini usisimame na kitabu ambacho hujakisoma. Ukikwama, uliza, kuuliza si ujinga, na sifa ya makofi haifiki hata nyumbani. Usidhani watu wa mbali ni mapanga na mateke tu. Nao wana mama. Na yule aliye karibu na mlango, asiyejua kusoma, msomee kwa uangalifu kuliko wote, kwa sababu hujui amebeba nini moyoni.

Mungu akupe subira ya kufika ukurasa wa mwisho, na ulimi unaouogopa uongo. Nenda salama, mwanangu, ukaaminike.