Damari Hakupigwa

Yudith Shemweta hakuwahi kujua kukaa. Hata akiwa kwenye cherehani yake, barazani mwa duka la vitambaa mjini Lushoto, mguu mmoja ukikanyaga, wa pili uligongagonga sakafu kama wa mtu aliyecheleweshwa na gari. Alishona sare za shule. Asubuhi alishuka kwa miguu kutoka Magamba, ukungu ukiwa bado umelala kwenye misonobari, na jioni akapanda tena kwa miguu, hata waendesha bodaboda wakaacha kumuuliza kama anapanda. Mumewe, Mwalimu Leonard, alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe hulala amekunja ngumi.

Hadithi aliyosimulia Yudith ilianzia msibani. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amefariki, na wanawake wa usharika walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba wakimenya viazi, mikono ikiuma kwa baridi na maneno yamewaishia. Yudith alijiona anataka kunyanyuka na kuondoka, na kwa kuwa si heshima kuondoka msibani, akaanza kusimulia. Akasema kwamba enzi za Mjerumani, barabara ya kutoka Mombo ilipokuwa ikichongwa ubavuni mwa mlima, palikuwa na mwanamke anaitwa Damari, aliyebatizwa misheni na kuolewa na seremala wa misheni, Zakaria. Siku moja akamwacha mume na watoto, akashuka hadi kambi ya wachonga barabara, akawa mpishi wao. Huko akampenda mnyapara mmoja Mwislamu kutoka pwani, na misheni ikafuta jina lake. Viazi vikaisha, hadithi haijaisha. Esta, kiongozi wa kwaya na rafiki yake tangu shule ya msingi, alimwambia asithubutu kumwacha Damari njiani.

Tangu hapo kila Jumamosi Yudith alirekodi kipande kwenye simu na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa usharika. Kipande kikatoka kundi hili kikaingia lile, kikafika Soni, kikafika Bumbuli, kikasikilizwa na watu ambao hawakumjua msimulizi ni nani. Akipita sokoni alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya gunia la karoti, na alikaza mwendo kama mtu aliyeitwa na mdai.

Alijua wasikilizaji wake wanataka nini. Walitaka kumlilia Damari. Kwa hiyo Zakaria akawa mkatili, mpiga mke, na Damari akapewa kovu refu mkononi, ukumbusho wa kipigo, la kuwaonyesha wapishi wenzake. Kila mwanamke huyo alipofanya jambo la kuwaudhi wasikilizaji, Yudith alikimbilia kumtafutia udhuru. Alidanganya kwa sababu ya njaa. Alimtazama mnyapara kwa sababu hakuwahi kutazamwa kwa wema. Wanawake wakalia, wakatuma picha za mikono iliyokutanishwa kwa sala. Yudith akisikiliza alichokirekodi, alihisi kitu kikimkereketa, asijue ni nini, akainuka kwenda kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Lile kovu alikuwa ameliokota sokoni. Mwenye kovu alikuwa Evodia, muuza makoti ya mitumba, mwanamke wa makamo ambaye miaka mingi nyuma aliacha mume na watoto kule Bungu, akafuatana na dereva wa lori la kabichi. Dereva alimchoka, na Evodia hakurudi Bungu wala hakusonga mbele, alibaki Lushoto. Hakuwa mtu rahisi kupendeka. Alisengenya, alisusa, aliapa kwa uongo kwamba koti ni jipya. Bintiye mkubwa aliitwa Glory, lakini hakuna aliyemwita Mama Glory. Vijana walimpita bila shikamoo, na katika mji ule hilo si jambo dogo. Kwa wachache waliomsogelea alikunja mkono wa sweta, akawaonyesha kovu, akasema mumewe ndiye aliyemfanyia vile. Waliomwamini walimpa kigoda.

Asubuhi moja ya mvua Evodia alikuja barazani na rundo la makoti ya kupunguzwa. Akamsalimu Yudith kwa Kishambaa, onga makeo, akakaa bila kukaribishwa, akamtazama akiyapima.

"Kovu la Damari wako," alisema, "ni langu."

Mguu wa Yudith ukasimama. Akaanza kuomba radhi, akisema hadithi ni hadithi tu, lakini Evodia alimkatiza. Hakuja kugombana, alisema. Alikuwa akiisikiliza kila Jumamosi, na ilikuwa inamchosha.

"Hili ni la mafuta ya maandazi," alisema akilisugua kwa kidole gumba. "Yule baba hakunigusa hata siku moja."

Yudith akamuuliza kwa nini basi aliondoka.

"Nilichoka. Alikuwa mtu mwema, nami nilichoka. Sasa hebu niambie, fundi: mtu akisema nilipigwa, anapewa pa kukaa. Akisema nilichoka, anapewa nini?"

Evodia akasimama, akajifunika mfuko wa nailoni kichwani, akaongeza kwamba Damari ni kondoo, na mwanamke anayeacha watoto wake wamelala akafunga mlango taratibu wasiamke, huyo si kondoo. Kisha akaondoka zake kwenye mvua.

Siku ile Yudith alishona mfuko wa sare kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Jioni alipanda Magamba akalipita lango la nyumba yake, akaenda hadi msitu unapoanzia, akageuka, akashuka, akapita tena. Sasa alikijua kilichokuwa kikimkereketa. Alikuwa amemwosha Damari mpaka hakubaki mtu. Aliogopa wasikilizaji wasimpende, na kwa kuogopa huko alimnyang'anya kila kitu alichokuwa amekitenda kwa hiari yake. Lakini angerekebishaje? Vipande vilikwisha kutumwa. Nusu ya wilaya ilikwisha kumchukia Zakaria.

Jibu lilimjia akiwa anachambua maharage, akayaacha ungoni. Damari alidanganya. Hayo yote ya kipigo, wasikilizaji waliyasikia kutoka kinywani mwa Damari mwenyewe, akiwasimulia wapishi wenzake kambini. Basi Jumamosi iliyofuata Yudith alisimulia siku ambayo mtu wa misheni alifika kambini na kuwaambia wapishi wale kwamba Zakaria hajawahi kumwinulia mkewe mkono, na kwamba kila jioni huwapikia watoto uji mwenyewe. Wapishi wakamgeukia Damari. Naye hakulia. Alisema kovu ni la mafuta, akaendelea kusonga ugali.

Alikituma kile kipande kabla hajajizuia, kisha akaizima simu na kwenda kuchanja kuni ambazo hazikuhitajika.

Alipoiwasha, kundi lilikuwa linachemka. Mmoja aliandika kwamba amedanganywa miezi yote hii. Mwingine akasema anataka Damari afe, tena barabarani. Wachache wakamwandikia pembeni, neno moja tu: asante. Esta alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa chai bila kuimaliza. Alisema akina mama wanauliza Yudith yuko upande gani, na kwamba wazee wa kanisa wameshauri apumzike kidogo kuimba kwaya mpaka mambo yatulie. Yudith alimwambia hajui yuko upande gani, ndiyo maana anasimulia. Esta akasema hilo si jibu la mtu mzima. Waliagana kwa kupeana mikono, wao waliozoea kukumbatiana.

Leonard alikuwa ameyasikia hayo kutoka chumba cha pili, akisahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, asiyekunywa, ambaye hakuwahi kumkataza mkewe jambo. Wakati wa kula aliweka kijiko chini.

"Mama Edgar, huyo Zakaria ni mimi?"

Yudith alitaka kusema hapana, na hapana ilikuwa karibu sana mdomoni. "Kuna siku ni wewe," alisema.

Leonard akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokwisha kulikokotoa, akaendelea kula. Kwa siku nyingi baada ya hapo hawakulizungumza, na Yudith alihangaika zaidi kwa ukimya ule kuliko ambavyo angehangaika kwa ugomvi.

Jambo ambalo hakuwa amelipigia hesabu lilikuwa sokoni. Kila mtu Lushoto aliyewahi kuonyeshwa kovu la Evodia alisikia kipande kile na kujumlisha. Waliokuwa wakimpa kigoda wakakiondoa. Mwenye genge la jirani alimwita Damari kwa sauti, watu wakacheka. Evodia alifika barazani mchana, watu wakiwa wengi, akasimama mbele ya cherehani.

"Umenivua nguo sokoni," alisema.

Hakupaza sauti. Yudith alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu amjue mwanamke yule alimwamkia shikamoo. Evodia hakuiitikia. Yudith akasema atakifuta kile kipande siku ileile, atawaambia watu wote ni uzushi wake.

"Utakifuta wapi? Kimeshafika Bungu. Glory amekisikia."

Glory alikuwa amekuja juzi yake. Binti yule alikua akiamini kwamba baba yake alimpiga mama yake. Aliyasikia kwa watu waliotoka Lushoto, na kwa miaka mingi alikula chakula cha baba yake huku akimtazama mikono. Alikuja kumuuliza mama yake swali moja tu, na Evodia akamjibu ukweli. Glory alimwambia maneno ambayo Evodia hakutaka kuyarudia. Kisha binti akakaa chini kwenye makoti, akamuuliza kama siku ile aliyoondoka aligeuka nyuma. Evodia alisema hapana. Glory akaondoka.

Yudith alisikiliza hayo yote akiwa amesimama, mkasi mkononi. Alisema tena kwamba ataacha hadithi. Ndipo Evodia alipokasirika kweli.

"Sasa umeanza, malizia. Usimuue. Wala usimrudishe kwa mumewe akipiga magoti. Ukifanya hivyo nitakuja kukuvunjia cherehani."

Haukuwa msamaha, na Yudith hakuuchukulia hivyo. Aliendelea. Vipande vilivyofuata vilimgharimu kuliko vyote vya mwanzo, maana sasa hakuwa na udhuru wa kuvipambia. Mnyapara alimpenda Damari, kisha barabara ikaisha naye akarudi kwao Pangani. Damari hakufa. Alijenga kibanda kando ya barabara ileile, akauza chakula kwa wapagazi, akawa mwenye mdomo mchafu, mara mkarimu, mara mchoyo. Usiku mwingine alijuta na asubuhi akacheka na wateja. Zakaria alipofariki, Damari alipanda mlima kwenda mazishini. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha, na wakati wa chakula hakuna aliyemletea sahani. Basi akaingia jikoni, akajipakulia mwenyewe, akala mbele ya wote, akashuka. Hapo Yudith akaishia.

Kundi la usharika lilikuwa limepungua wasikilizaji, lakini sauti ziliendelea kutembea huko zilikotembea. Esta alimtumia ujumbe tu kwamba mazoezi ya kwaya ni siku zilezile, kama anataka kuja. Yudith alienda. Alipewa nafasi mstari wa nyuma, akaimba humo, akibadilisha mguu wa kusimamia kila ubeti.

Evodia bado anauza makoti na bado anaapa kwa uongo. Glory humpigia simu siku moja moja, aghalabu kwa ugomvi, na Evodia huiweka kwa sauti ya juu ili majirani wasikie kwamba ana mtoto anayempigia. Kwa Yudith hupeleka kazi zake kama zamani. Hawajawa marafiki. Huketi, hutazama, hukosoa mishono.

Jioni moja Leonard alimkuta Yudith mlangoni, hajakaa, hajaondoka. Akamwambia ameisikiliza hadithi yote, tangu mwanzo, akiwa shuleni wakati wa mapumziko. Kuna kitu kimoja alichokosea, alisema.

"Zakaria asingekaa tu akipika uji."

"Angefanya nini?"

"Angeshuka mpaka barabarani kumtazama. Angesimama mbali, amwone anakoroga chungu, kisha angerudi bila kumwambia mtu."

Yudith akamtazama. Akakumbuka kwamba shule ya mumewe iko upande wa pili wa mji, na kwamba wiki chache nyuma mwenye duka alimwambia Mwalimu amepita, akasimama kwenye duka la mkabala, akaondoka. Yeye akadhani mwenye duka amemfananisha na mtu mwingine. Alitaka kumuuliza Leonard alisimama pale muda gani na aliona nini. Badala yake alimuuliza kama Zakaria angerudi akiwa na hasira.

Leonard alifikiri kwa uaminifu, kama anavyoifikiria hesabu ya mwanafunzi iliyokosewa kwa njia mpya. Alisema hajui. Labda angerudi tena kesho yake. Kisha akachukua ndoo akaenda kuwanywesha ng'ombe, na Yudith, badala ya kushika njia ya msituni, akachukua ndoo ya pili akamfuata.