Niliandika "dada" badala ya "baba", nikafukuzwa chekechea. Fundisho langu wakabaki nalo

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mie ni mama wa Tanga, Mabawa, naitwa Zubeda, umri umeshakwenda. Humu huwa napita tu, nasoma nyuzi za watu na kuondoka kimyakimya. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo limetokea wiki hii, limenitibua.

Sitatia chumvi. Dada yangu Mwanaidi yuko hai na humu jukwaani anapita, nikiongeza hata neno moja ataniumbua.

Halafu niseme mapema: uzi huu nausema kwa mdomo, simu inaandika, na binti yangu ameupitia kabla sijautuma. Mtaelewa kwa nini.

Haya, twende.

Tangu utoto, b na d nazichanganya. Si kwamba sizijui. Nazijua fika. Ila zikikaa kwenye karatasi zinageuka, hii inakuwa ile, na mie naona sawa tu. Mtu akiniambia "hapo umekosea", naangalia, kosa silioni.

Sasa kifikirie Kiswahili chetu. Ukigeuza herufi hiyo moja tu, baba anakuwa dada. Buibui linakuwa duidui. Hakuna pa kujificha.

Siku hizi kumbe hali hii ina jina. Binti yangu ni nesi, ndiye aliyeniambia, "Mama, hii inaitwa dyslexia. Ubongo wako unasoma kwa njia yake, haina maana akili ni ndogo." Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini nilipoambiwa maneno hayo. Zamani ilikuwa na majina mengine: mzembe, kichwa maji, huyu ana lake jambo. Na fimbo juu yake. Shule ya msingi nilichapwa kwa ajili ya herufi mbili mpaka nikawa nikisikia neno "imla" naficha mikono mgongoni.

Cha ajabu, chuoni kwa Maalim mambo yalikuwa safi kabisa. Kwa Kiarabu, be na dali hazifanani hata kidogo. Nilihitimu mapema, Maalim akanipa watoto wadogo niwasomeshe. Hapo ndipo nilipojijua kuwa mie ni mwalimu. Mtoto wa miaka minne, mitano, ananielewa na mie namwelewa. Akigeuza herufi simgombezi, maana najua anachokiona.

Ikaja miaka ile sasa, mwanzoni mwa tisini. Mnaokumbuka mnakumbuka. Ruksa ya biashara imeshika kasi, vitu vimerudi madukani, sabuni haina foleni tena, lakini viwandani watu wanapunguzwa kazi. Baba yangu, mzee Hamisi, alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na barua yake na baiskeli yake, akakaa barazani.

Upande wa pili, chekechea za watu binafsi zinafunguliwa kila mtaa. Mtu ana banda la gari, analipiga chokaa, anachora bata ukutani, kesho ni English medium. Walimu wanatafutwa kila kona. Nikasema hapa ndipo pangu.

Baba akanipa muda mpaka Idi. Nikikosa kazi, naenda Mwera, Pangani, kwa shangazi, nikafue nazi. Hakusema kwa ubaya, midomo ilikuwa mingi pale nyumbani. Ila mie nilikuwa nautaka ualimu, wakuu. Nilikuwa nauota.

Tatizo ni kwamba matangazo yote yalisema: barua ya maombi iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe.

Shule ya kwanza niliandika mwenyewe, siku mbili nzima. Nilipokwenda kufuatilia jibu, karani akaitoa barua yangu akaisoma kwa sauti mbele ya watu: "Naishi Madawa na dada yangu, mzee Hamisi." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Na mie nikacheka nao, maana sikujua uso wangu niufanye nini. Nikaomba nirudishiwe barua, nikaondoka.

Shule ya pili hawakujibu mpaka leo.

Ya tatu, Mwanaidi akachoka kuniona nalia. Akasema, "Lete hiyo kalamu." Akaandika yeye, mwandiko wake mzuri kama wa kitabuni. Najua ni udanganyifu, msinirukie huko chini. Lakini na nyie niambieni, mtoto wa chekechea anafundishwa kwa barua?

Shule yenyewe ilikuwa Usagara. Mwenye shule kila mtu alimwita Madam, na mie nitamwita hivyo hivyo. Mwanamke nadhifu, anaongea polepole. Akaisoma barua, akausifu mwandiko, akanipa wiki mbili za majaribio kwenye darasa la wadogo. Watoto ishirini na wawili.

Siku ya kwanza tu nikaona watoto wanne wanageuza b na d kama mie. Nikajiuliza, mie ningefundishwaje hata nikaelewa?

Kesho yake nikasimama mbele ya ubao, nimewapa watoto ubavu, uso naelekeza kule maandishi yanakokwenda. Nikatokeza tumbo. Huyu nani? Huyu baba, ana tumbo mbele. Nikachukua khanga, nikafunga mgongoni mdoli niliyemshona kwa matambara. Na huyu? Huyu dada, kabeba mtoto mgongoni. Halafu nikachora. Mstari na tumbo mbele, hiyo b. Mstari na mtoto nyuma, hiyo d.

Watoto walikufa kwa kucheka. Wakawa wanasimama mmoja mmoja, tumbo mbele, mtoto mgongoni. Wiki haijaisha, wote wanaandika, hata wale wanne.

Madam alisimama mlangoni akatazama, akacheka naye. "Binti Hamisi, hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia nimeitoa kichwani mwangu.

"Vizuri sana," akasema. Maneno hayo mawili nilikwenda nayo mpaka Mabawa, nikamwambia baba, akatabasamu. Baba hakuwa ametabasamu tangu kiwanda kimrudishe.

Sasa Ijumaa ya wiki ya pili. Imebaki nusu saa watoto waondoke, Madam akaleta agizo: niandike kwenye daftari la kila mtoto, "Baba aje shuleni Jumatatu saa tatu." Alitaka akina baba waunde kamati ya shule.

Madaftari ishirini na mawili. Mmoja analia, mwingine kajikojolea, wawili wanagombania kiatu. Mie nimekaa, naandika mbiombio. Na mtu aliyekaa hawezi kusimama kutokeza tumbo kwa kila daftari.

Nilitakiwa niseme, "Madam, naomba mwingine aandike." Sikusema. Niliogopa barua ya Mwanaidi isije ikajulikana. Hilo ni kosa langu na sijawahi kulikataa.

Jumatatu viti vimepangwa, soda ziko kwenye ndoo ya maji. Saa tatu wakaingia akina baba wanane.

Na akina dada kumi na tatu.

Mmoja ana sare ya sekondari, katoroka kipindi. Mmoja mikono ina unga, kaacha maandazi jikoni. Kuna mtoto hakuwa na dada, kwao wakamtuma shangazi. Wamekaa kwa adabu, mikono mapajani, na mmoja akauliza, "Shikamoo Madam. Tumeitwa sisi akina dada, kuna nini?"

Wallahi ningekuwa si mimi mwenye kosa, ningecheka mpaka nikae chini.

Madam akaomba madaftari, akayafungua moja moja. Akaniita mbele ya watu wote, akanipa chaki. "Andika baba."

Ikawa imla upya. Nikaandika. Nikasikia wale wasichana wamevuta pumzi, nikajua.

Akasema, "Neno baba hujui kuliandika, utafundisha nini watoto wa watu? Kwenu hakuna wa kukupima akili?"

Baba mmoja, mwenye duka jirani na hapo, akajaribu. "Lakini Madam, wangu tangu aje binti huyu anaandika bila kukosea."

"Hiyo ni bahati tu," Madam akamjibu. Yule baba akarudi kukaa. Watoto ishirini na wawili wamejua kuandika kwa bahati, ndani ya wiki mbili, darasa moja. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo panaponichoma mpaka leo.

Nimeshachukua khanga yangu, natoka, Madam akanifuata uani. Sauti imeshatulia. Akaniambia, "Kabla hujaondoka, muonyeshe mwenzio lile zoezi la tumbo na mtoto." Mwenzangu mwenyewe ni mwalimu kijana mwenye cheti, ndiye aliyepewa darasa langu.

Na mie nikamwonyesha.

Shikamoo zangu na adabu zangu zote, machozi yamenijaa, nikasimama pale uani nikatokeza tumbo. Nikalirudia zoezi mara mbili ili aelewe. Nikamwachia na mdoli.

Yaani akili yangu mbovu, haifai kukaa darasani, lakini kilichotoka ndani yake ni kizuri na kibaki. Mtu unamfukuza kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeunyoosha akupe. Na sikupata hata neno asante. Kila nikikumbuka najichukia kwa nini sikumwambia hapana.

Idi ilinikuta Mwera. Nilifua nazi miaka minne, viganja vikawa kama gamba. Baadaye nikarudi mjini, nikaolewa, nikazaa. Watoto wa majirani nimewafundisha barazani kwangu wengi tu, wanakuja wenyewe. Lakini barua ya kuomba kazi sijaandika tena.

Sasa ya wiki hii.

Nina mjukuu, Nasra, miaka mitano, ameanza chekechea moja hapa hapa mjini, siyo ile ya Madam. Jumanne karudi, kavua viatu, kasimama ubavu ukumbini, katokeza tumbo. "Bibi, mimi b. Baba ana tumbo mbele." Akachukua mto, akauweka mgongoni. "Sasa mimi d."

Nilikaa chini, wakuu.

Kesho yake nikampeleka shule mwenyewe. Mwalimu wake ni mtu mzima kidogo, ana heshima zake, "Shikamoo bibi, karibu kiti." Nikamuuliza lile la tumbo na mtoto kalitoa wapi.

Akafurahi kuulizwa. "Mimi nilisoma kwa marehemu Madam, kule Usagara. Aliibuni mwenyewe, alikuwa anatuhadithia. Walimu wengi hapa Tanga wanaitumia, tunaiita mbinu ya Madam."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni yangu."

Akatabasamu. Mnalijua tabasamu lile la kumwitikia mzee asiyejua anachosema. "Sawa bibi," akasema, akanisogezea kitabu cha wageni niandike jina.

Nikaandika.

Nasra alikuwa kaegemea goti langu anachungulia. Akanivuta khanga. "Bibi, Zu-be, hapo tumbo mbele. Wewe umemweka mtoto mgongoni."

Nikaangalia. Naona sawa tu.

Mwalimu akakigeuza kitabu upande wake, akasoma. Zudeba. Akalitazama lile jina, akanitazama mimi, akarudi kwenye jina. Tabasamu likamtoka usoni taratibu.

"Marehemu Madam hakuwa anakosea herufi," akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anajiambia mwenyewe.

"Hakuwa," nikamjibu. "Basi angeibuni mbinu hii ya nini?"

Alisimama, akaingia darasani kufuta ubao. Kisha akaniomba nikishapumzika niingie na mie. Niliingia. Nilisimama ubavu, na miaka yangu hii, nikatokeza tumbo ambalo siku hizi halihitaji kutokezwa. Watoto walicheka kama wale wa Usagara.

Nilipotoka nililia, na si kwa furaha, msije mkanipongeza. Nililia kwa hasira. Darasa kama lile lilikuwa langu miaka thelathini iliyopita.

Nilichojifunza ni hiki. Wenye shule mnaosoma humu, mkitaka mwalimu wa watoto wadogo acheni kuangalia mwandiko wa barua, muwekeni na watoto mtazame watoto. Na wewe kijana ambaye kichwa chako kinafanya kazi kwa namna yake na unazungushwa maofisini: sema mapema unachoshindwa, usifiche kama mie. Na wakikufukuza, ondoka na mdoli wako.

Sihitaji pole. Nataka kusikia kama kuna mwingine aliyefukuzwa mlangoni akaambiwa aache alichokuja nacho. Karibuni, hata wa kunipinga aje. Ila wa kunisahihisha herufi kachelewa, Nasra keshaifanya kazi hiyo.