Ng'ombe Sita wa Mama Kalunde

Nakumbuka siku moja ya soko pale Zombe, miaka ya sabini, nilipomwona kaka yangu Kimanzi akicheka na mnunuzi wa ng'ombe. Nilikuwa mwalimu, bado msichana, najiona mwerevu kuliko watu wote. Nikajibanza nyuma ya duka la nguo, nikawatazama mpaka wakapeana mikono.

Mwanangu, kicheko kile kilininyima raha. Mama mdogo Kalunde, aliyetulea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mjini Kitui kulikuwa na nyumba ya wazee ya kanisa, yenye wauguzi, ila ililipiwa kila mwezi. Kimanzi alikuwa amependekeza tuuze ng'ombe sita wa Mama ili tulipe. Sasa nikajiambia: kumbe ameshampata mnunuzi! Mimi nitatajiwa bei gani, na ngapi zitaingia mfukoni mwake?

Sikumwuliza. Nilirudi nyumbani Kanyangi nikasema tu, "Ng'ombe hawauzwi."

Kimanzi akanikazia macho. "Unawataka wewe?"

Tangu hapo tukawa tunachungana. Kesho yake akahamishia ng'ombe wawili kwa shemeji yake bila kuniambia, nami nikaenda kuwarudisha bila kumwambia. Wiki zikapita hivyo. Asubuhi moja, nikimwogesha Mama, nikaona kidonda cha kulala ubavuni, kipana kama mdomo wa kikombe. Nikalia.

Mama alikuwa akiongea polepole tangu augue. "Ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako, Mama."

"Mbona hakuna aliyeniuliza? Masikio yangu hayajapooza."

Nikamweleza yote niliyoyaona sokoni. Nilidhani atanikemea kwa kumfikiria kaka yangu vibaya.

"Hata mimi Kimanzi namshuku kidogo," akasema. "Na wewe pia. Waite wote waje hapa."

Wakaja: Kimanzi, yule mnunuzi na mzee mmoja wa kanisa. Bei ilitajwa kando ya kitanda. Mama akaikataa mara mbili, nayo ikapanda mara mbili. Pesa alizipeleka yule mzee kwenye nyumba ya wazee, na risiti akakabidhiwa Mama mwenyewe. Aliishi huko miaka minne. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Mimi na Kimanzi tulichelewa sana kuzoeana tena, na mpaka leo sijui yeye na mnunuzi walikuwa wamepatana nini siku ile ya soko.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimshuku ndugu yako, sikuambii ujifanye hujaona. Mwulize mchana, watu wakisikia, na mwenye mali akiwepo. Mgonjwa akiwa bado anajua analotaka, mwulize yeye kwanza, maana ni maisha yake mnayoyapanga. Na msikawie; nyinyi mkivutana, yeye amelala ubavu ule ule.

Mungu akupe ndugu mtakaoweza kuambiana ukweli, na uzeeni akupe mikono laini ya kukugeuza.